VYAMA VYA AKIBA NA MIKOPO, NA RIBA ILIYOJIFICHA NDANI YAKE

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Mvuvi aliyepotelewa na nyavu, au fundi asiye na mtaji, akikosa wa kumkopesha kwa wema humwendea mla riba. Na aingiaye mlango huo mara nyingi hutoka hana shamba wala nyumba. Kwa udhia huu ndipo vilipozaliwa vyama vya akiba na mikopo, na khabari zake zafaa zijulikane kabla ya kuhukumiwa.

Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1850 Hermann Schulze alianzisha chama cha kukopeshana katika mji wa Delitzsch. Naye Friedrich Wilhelm Raiffeisen, mkuu wa vijiji, aliiona njaa ya miaka 1846 na 1847, akakusanya fedha za wenye uwezo ili masikini wapate mkate. Baadaye akatambua kuwa sadaka peke yake haimsimamishi mkulima, na mwaka 1864 akaunda chama cha Heddesdorf. Kanuni zake ni hizi: wanachama wawe watu wa mahali pamoja wanaojuana, wote wadhaminiane madeni, wasimamizi wasilipwe mshahara, na ziada iwe akiba ya chama. Tarehe 6 Disemba 1900 Alphonse Desjardins aliasisi chama mfano wa hivyo katika mji wa Lévis, Kanada, na mtu aliweza kuweka hata senti 10. Leo vyama hivi vimeenea mpaka Kenya na Tanzania.

Faida zake hazikanushiki. Mwanachama ni mwenye mali, si mgeni mlangoni pa benki. Akiweka kidogo au kingi, kura yake ni moja. Huzoea kuweka akiba, na hukopa kwa uaminifu wake na kwa dhamana ya wenziwe.

Suala: Husemwa, «Nyongeza anayotoa mwenye kukopa humrudia yeye na wenziwe, basi mla riba yuko wapi?»

Jawabu: Hairudi kwa wote sawasawa. Aliyekopa kwa dhiki hutoa. Asiyekopa, mwenye akiba nyingi, hupokea. Mwenye shida humlipa mwenye nafasi. Basi mla riba yupo, ila amevaa kanzu ya ndugu. Riba imeharimishwa katika Suratul Baqara, na katika madhehebu ya Imamu Shafii sharti la kuzidisha huufisidi mkopo. Ridhaa ya wanachama haihalalishi alichokiharimisha Mola wao.

Wala haifuati kuwa chama kivunjwe. Kitolewe riba, na kheri yake ibaki. Kwanza, kikopeshe kwa qardhi hasan. Gharama za kazi zaweza kutozwa kwa kadiri yake hasa, kama ilivyokata shauri Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu huko Amman mwaka 1986. Kinachozidi gharama ni riba. Pili, chama kinunue nyavu, kizimiliki na kuzipokea, kisha kimuuzie mvuvi kwa faida iliyotajwa, alipe kwa mafungu. Akichelewa, bei isiongezwe. Tatu, kitoe mtaji kwa qiradhi: faida igawanywe kwa fungu walilopatana, na khasara ya mali iwe juu ya chama, maadamu mfanyaji hakufanya taksiri.

Lakini bei iandikwayo katika karatasi tu, na bidhaa haikuingia mkononi mwa chama, ni hila. Kubadili jina hakubadili hukumu.

Na mwenye kukopa, akilipa zaidi kwa hiari yake pasina sharti, amefuata Sunna. Na aliyeelemewa, haki yake ni kupewa muhula. Hapo ndipo udugu unapojaribiwa: kutoa fedha wakati wa neema ni wepesi, na kumngojea mwenye dhiki ndio uzito.

Wallahu aalam, na kwake ndiko taufiki.