Fungua Kinywa Chako
Neno: Mithali 31:8-9

Neno linatuagiza tumsemee asiyeweza kujitetea.

Mwangalieni Argwings-Kodhek wa Gem, wakili wa kwanza Mwafrika hapa Kenya. Baada ya mkoloni kutangaza hali ya hatari mwaka 1952, ukikutwa na risasi tu ungeweza kunyongwa. Kodhek alisimama kortini kuwatetea walioshtakiwa kuwa Mau Mau, na wengi wao hawakuwa wa kabila lake. Serikali iliporuhusu vyama vya wilaya pekee mwaka 1955, alianzisha chama Nairobi.

Sasa sisi wa Lwakhakha. Mjane akinyang'anywa shamba na mashemeji, tunamwambia, "Mama, tutakuombea." Amina, tuombe! Lakini siku ya kesi kwa chifu, nani ameketi kando yake? Jirani, wewe unaujua ule mpaka. Ulikuwepo marehemu akipanda miti yake. Mbona umenyamaza? Unaogopa kuchukiwa?

Huhitaji kusomea uwakili, mpendwa. Sema ulichokiona. Wiki hii, ukitoka kwa maombi, msindikize mama huyo mpaka kwa chifu, ukafungue kinywa. Mungu akutie nguvu. Amina.