Mgongo ni amana, hata ndani ya daladala

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, kila siku baada ya swala ya alfajiri wakazi wengi wa Ilemela huanza safari ya kutafuta riziki. Wapo wanaotoka Kayenze na Igombe kupitia Pasiansi na Kirumba, wapo wa Buswelu na Nyakato wanaoelekea mjini, na wapo akina mama wanaowahi dagaa Mwaloni. Kutafuta riziki ya halali ni ibada. Lakini jioni wengi hurudi wameshika viuno, nasi tumezoea kusema kuwa ndiyo maisha. Je, dini yetu inasema hivyo?

Hapana. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Imam Muslim amepokea pia kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa viungo hivyo ni 360. Pingili za mgongo nazo zimo katika deni hilo. Na Abdullah bin Amr (r.a.), aliyekuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha, alikumbushwa na Mtume (s.a.w.) kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya swaumu ya sunna, utakosaje haki mbele ya safari ya kazini?

Tuitekeleze haki hiyo. Ukipata kiti, kaa mpaka nyuma, mgongo uegemee, na utoe pochi nene mfuko wa nyuma. Ukiinua ndoo au gunia, kunja magoti, usogeze mzigo karibu na mwili, wala usijipinde kiuno ukiwa umeubeba. Mkoba usining'inie bega moja kila siku. Dereva wa bodaboda, mtikisiko wa barabara mbovu kwa saa nyingi huumiza mgongo. Shuka mara kwa mara ujinyooshe. Anayeweza, ashuke kituo kimoja kabla amalizie kwa miguu, kwani mgongo hupenda mwendo kuliko kukaa. Hata maumivu yakianza, kulala kitandani siku nyingi si dawa.

Lakini tusimlaumu abiria peke yake. Ndani ya Hiace zetu mtu husimama ameinama kutoka kituo hadi kituo, katika rukuu isiyo ya ibada, kwa sababu konda anasema bado kuna nafasi na tajiri anasubiri hesabu jioni. Sheria inakataza kuzidisha abiria, na dini imetangulia kukataza dhuluma. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimpita ngamia ambaye mgongo wake umegandana na tumbo, akaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu katika haki za wanyama hao wasioweza kusema. Ikiwa mgongo wa ngamia una mtetezi, vipi wa mama mjamzito au mzee aliyelipa nauli yake? Ewe Muislamu mwenye gari, hesabu ya jioni itafuatiwa na hesabu nyingine.

Nasi abiria tuna fursa. Katika hadithi ile ile ya viungo, miongoni mwa sadaka zilizotajwa ni kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo wake. Basi kumpisha mzee kiti, au kumpokea mama beseni lake mlangoni, ni kulipa deni la viungo vyako.

Mwisho, ukihisi ganzi sehemu za siri, miguu ikikosa nguvu, au ukishindwa kuzuia haja, usisubiri wala usikimbilie kukandwa. Wahi hospitali siku hiyo hiyo.

Kweli, Imran bin Husayn (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimruhusu kuswali ameketi asipoweza kusimama. Hiyo ni rehema kwa mgonjwa, si ruhusa ya kuuharibu mgongo kwa uzembe. Anayesujudu leo bila maumivu ana neema kubwa, na neema hutunzwa ingali ipo.

Wabillahi Tawfiq.