Fedha ya Maskini na Nyumba ya Makumbusho

Tuchukue jambo moja ambalo kwa kulitazama ni dogo, lakini lina fundo ndani yake. Kijana wa Kolwezi amefika Bruxelles kwa masomo. Chumba amekipanga na wenzake wawili, viazi hununua jioni bei ikishuka, na kila mwisho wa mwezi hana budi kumpelekea mama yake chochote. Siku moja ataka kwenda Tervuren, nje kidogo ya mji, aione nyumba kubwa ya makumbusho ya Afrika ya Kati. Bei ya kiingilio ingemlisha siku mbili. Mwenzake amwambia: “Ndugu yangu, hiyo ni dhambi. Wamnyima mama unga, uwape Wabelgiji fedha ili wakuonyeshe vitu vya babu zako!”

Je, ni dhambi? Maneno hayo yana mashtaka mawili, nasi tuyatenge, maana watu huyachanganya.

Shtaka la kwanza ni la mama. Hapa tusicheze. Amri ya nne haina likizo ugenini. Kama mama ni mgonjwa na dawa yaingojea fedha ile, basi makumbusho na yangoje. Jengo lile limesimama tangu 1910, litakuwapo na mwezi ujao. Lakini kama mama amekwisha kupata sehemu yake, na fedha iliyobaki ni ile ambayo kijana angeinywea bia bila kuulizwa na mtu (ajabu, kwa bia hakuna anayemkemea!), mbona tumkataze? Tukumbuke Bethania. Maria alipoimimina marhamu ya thamani miguuni pa Bwana wetu, aliyelalamika kwa jina la maskini alikuwa Yuda, mshika mfuko. Sisemi kwamba kila anayehesabu fedha ni Yuda; mama zetu huhesabu kila siku, nao hutupita kwa utakatifu. Nasema tu kwamba maskini naye ana roho itakayo kujua, na kumhesabia tumbo peke yake ni kumdharau.

Tena huko Tervuren pana mahali pasipo kiingilio, na ningemshauri aanzie hapo. Kando ya kanisa la Mt. Yohane Mwinjili yako makaburi saba. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alifanya maonyesho makubwa, na Wakongo 267 wakaletwa, wakawekwa bustanini katika vijiji vya kuigiza, umati wa watu ukipita kuwatazama. Saba kati yao walikufa huko kwa ugonjwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Hao nao walikuwa wageni ugenini, ila hawakuletwa kutazama bali kutazamwa. Kuwaombea marehemu ni tendo la huruma lisilodai hata senti moja.

Akiisha kusali hapo, ataingia ndani kwa macho mengine. Ataziona sanamu za rangi ya dhahabu, mojawapo ikidai kwamba Ubelgiji ndio ulioiletea Kongo ustaarabu. Ataona ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo. Na kwenye vioo vya madirisha msanii wetu Freddy Tsimba ameandika majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji, hata jua likiwaka vivuli vya majina yao huangukia ukutani juu ya yale mengine.

Lakini kwa mtoto wa Kolwezi hazina yenyewe ni kitu kidogo: msalaba wa shaba. Si msalaba wa Kristu. Ni kipande cha shaba chenye mikono minne, mfano wa herufi X, kilichotumika kama fedha na mahari kabla ya Padri yeyote kufika kwetu. Mtoto wa huku hukua akiona mashimo, mitambo na malori, na husikia kwamba shaba ilianza na Union Minière mwaka 1906, kisha Gécamines, kisha makampuni ya Wachina. Kumbe! Babu zetu, wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, walichimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto wa makaa mpaka shaba ikayeyuka, wakaimimina. Waliitwa wala-shaba, na Mbenedikto Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuja kuwa Askofu huku Katanga, aliandika habari zao mwaka 1926. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ambalo Lualaba yetu hii hii hulipitia, wataalamu waliochimba mwaka 1957 na 1958 walikuta watu wa kale wamezikwa pamoja na misalaba hiyo. Kijana ajuaye hayo hatasimama mbele ya bwana wa mgodi kama mtu aliyeokotwa njiani.

Sasa shtaka la pili: yafaa kulipa ili uone kilicho chako? Hapa hasira ya yule mwenzake ina haki yake. Amri ya saba, kama tuwafundishavyo wakatekumeni, haitoshelezwi na majuto tu. Kilichoibwa chadai kurudishwa. Lakini haki hupima kila kitu peke yake, maana viko vilivyonunuliwa, viko vilivyotolewa zawadi, na viko vilivyonyang'anywa kwa bunduki. Mwaka 2022 Ubelgiji wenyewe ulitunga sheria ya kufungua njia ya kurudisha, na mwezi wa Juni mwaka ule Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Neno hilo “mkopo” katekista yeyote angeliuliza maswali.

Hata hivyo, amlipaye bawabu hajakiri kwamba nyumba ni ya bawabu. Na akataaye kuingia awaachia wengine peke yao kusema vile vitu ni nini na vilipatikanaje. Heri aingie na daftari, aandike kila kitu kilitoka kijiji gani, mwaka gani, kwa mkono wa nani, maana huwezi kudai usichoweza kukitaja.

Nasi tuliobaki nyumbani? Makumbusho ya Taifa yako Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi, nayo yatunza vitu vya Sanga. Twapanda basi kwenda huko kwa harusi, kwa matanga, kwa kununua vitenge, twapita bila kugeuza shingo. Wala hapo hatuwezi kusingizia nauli ya ndege.