Maada Moja, Maumbo Mengi

Katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, mbao za misonobari hukatwa vipande vidogo na kupikwa kwa kemikali. Lignini inayoshikanisha nyuzi huyeyuka. Selulosi hubaki na kuwa karatasi.

Selulosi hiyo imejengwa kwa glukosi, sukari ileile iliyojenga wanga wa ugali. Kinachotofautiana ni namna glukosi zinavyoungana. Mnyororo wa wanga hujipinda, na mate huanza kuuvunja mdomoni. Wa selulosi hunyooka, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuukata.

Basi kitu ni maada yake au umbo lake?

Mwanafalsafa Aristotle alisema ni vyote viwili, na protini zinamuunga mkono. Katika himoglobini, protini ya damu, asidi amino moja tu ikibadilika, glutamati ikawa valini, mtoto aliyerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili huugua selimundu: seli zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu. Hapo muumini huuliza kwa uchungu: kwa nini Muumba aliruhusu?

Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyefanya utafiti Kenya na Uganda, alionyesha kwamba aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Maelezo hayo hayamfuti machozi mama wa mgonjwa. Yanaonyesha tu kwamba badiliko lililomuumiza mwanawe limewaokoa watoto wengine, na imani yoyote ya kweli inapaswa kuyabeba yote mawili.