Nembo na Ukweli

Msomaji, utazamapo habari katika televisheni, uwe Ruiru au Thika, waona nembo ya kituo pembeni mwa picha, na maandishi chini yake. Vitu hivyo havikuwapo mbele ya kamera. Huongezwa kituoni kwa ishara mbili: moja huonyesha mahali pa kufunikwa, ya pili huleta rangi za kujaza mahali hapo. Macho huvipokea vyote kama kitu kimoja. Je, nembo huifanya habari kuwa kweli?

Fikiri juu ya viwanda vya Thika. Chapa haiongezi ubora wa bidhaa. Humtaja aliyeitengeneza, ili mnunuzi ajue wa kumwuliza. Nembo ni vivyo hivyo. Mwezi wa Agosti 2022, baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya, vituo vilijumlisha kura za urais, kila kimoja peke yake, kutoka katika fomu zile zile zilizowekwa wazi na Tume ya Uchaguzi. Hesabu zilitofautiana, kwa kuwa havikujumlisha fomu kwa utaratibu mmoja. Walakini kila hesabu ilipambwa kwa nembo, na watu wakaingiwa na mashaka.

Basi nembo si shahidi, ni mdhamini. Atiaye nembo yake amejifunga kujibu; aigizaye nembo ya mwingine huiba imani ya watu. Nawe, mtazamaji, una wajibu wako: iheshimu nembo, lakini ihoji habari. Mdhamini asiyeulizwa husahau deni lake.