Je, Nuru ya Jirani Inaweza Kununuliwa?

Jumapili moja baada ya ibada, hapa Namatala, mama mmoja wa kwetu aliyetoka Goma aliniuliza swali ambalo Chuo cha Biblia hakikunifundisha kulijibu. Alikuwa amesikia kwamba kampuni kubwa ya Marekani ilinunua umeme wa jua wa Ndosho. "Pasta," akasema, "kama waliununua, mbona taa zilibaki kwetu?"

Habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2020 kampuni iitwayo Nuru ilianza kuzalisha umeme wa jua Goma kwa mtambo wa megawati 1.3. Mwaka huohuo Microsoft ilinunua vyeti vya umeme huo, katika mpango wa shirika la Energy Peace Partners kwa nchi zilizoumizwa na vita, na fedha zikasaidia taa za barabarani mtaani Ndosho. Umeme wenyewe hausafiri. Kila yuniti 1,000 zikishazalishwa na kupimwa, hutolewa cheti kimoja, na anayekinunua hupata haki ya kusema kwamba umeme huo safi umehesabiwa kwake. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Ni hiari yake.

Kusema kweli, mwanzoni nilikasirika. Niliona ni kama mtu anayekula ashibe, kisha anamlipa jirani afunge kwa niaba yake. Lakini mfano wangu ulikuwa na kasoro. Kufunga ni kwa moyo wa mtu, na moyo hauna wakili. Moshi ni jambo jingine, maana anga ni moja. Jenereta la dizeli likizimwa Goma, hewa ya wote imepunguziwa mzigo, na sisi tuliookoa magodoro Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika hapa Mbale, tunajua mvua haiulizi ni nani aliyechafua.

Basi swali langu likabadilika: je, fedha hiyo ilileta kitu ambacho kisingekuwepo? Bwawa la Jinja linazalisha umeme tangu 1954. Mtu akilipia cheti cha maji ambayo yangezungusha mitambo hata asipolipa, amenunua karatasi tu. Taa ya barabarani ni tofauti. Nani katika Ndosho angeilipia, wakati kila nyumba inatafuta ya chakula? Mwanamke anayerudi usiku na mzigo kichwani anajua thamani ya nguzo ile moja kuliko mwenye cheti.

Mkumbukeni Anania katika Matendo 5. Shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha ilikuwa mkononi mwake. Hakuna aliyemdai. Kosa lilikuwa katika kutangaza zaidi ya alichotoa. Naona hapo ndipo hatari ya vyeti hivi ilipo. Kampuni ikisema, "Tumelipa ili umeme safi uzalishwe Goma," imesema kweli. Ikisema mashine zake zenyewe hazina moshi, huku zikivuta umeme kutoka nyaya zilizochanganya jua na makaa ya mawe, hapo Petro angeuliza maswali.

Kuna upande mwingine ambao watu hawauzungumzi. Cheti kikishauzwa, aliyeuza hawezi tena kujihesabia usafi ule, maana kitu kimoja hakihesabiwi mara mbili. Mwanga unabaki Ndosho, sifa inaondoka. Je, ni biashara mbaya? Kwa anayesoma kwa tadoba, sifa haiwashi chochote. Hata hivyo ningependa watu wa mtaa waelezwe, na wakubali wenyewe, kabla jina la jua lao halijaandikwa mahali pengine.

Nilimweleza mama yule yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: tukijaliwa kupata mtambo wa jua juu ya paa la kanisa letu, cheti chake kitakuwa cha nani? Wazee wamesema tulizungumze Alhamisi, baada ya maombi.