Siku ya Tatu ya Mtoto

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huu una haki ndani yake, maana aliyekula chakula cha watu imempasa kushiriki jasho lao. Lakini ulimkusudia mtu mzima, aliyeiacha nyumba yake kwa miguu yake na kwa sababu aliyoijua. Mtoto aliyeletwa mgongoni hakuaga wala hakubisha hodi. Je, naye ni mgeni? Na kama ndiye, siku yake ya tatu huja lini?

Nyanda za kati za nchi yetu zimelijua swali hili kwa vitendo. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta Tanzania maelfu ya watu, na baadhi yao wakapewa ardhi Ulyankulu, mkoani Tabora. Wazazi walipewa jembe kweli, wakafyeka miombo na kulima. Watoto walipewa jembe la namna nyingine, nalo ni Kiswahili. Nyumbani walisema Kirundi. Shuleni walifundishwa kwa lugha ya nchi. Mtoto wa namna hii aghalabu huwa mkalimani wa baba yake mbele ya bwana shamba na mganga wa zahanati. Huo ni mzigo ambao watu wazima hawauoni upesi. Anayemsemea baba yake hupata nchi, lakini hupungukiwa na kivuli cha baba. Heshima huendelea kutamkwa, ila uwezo umehama. Na mzazi humwona mwanawe akienda mbali kila siku bila ya kutoka uani.

Hata hivyo, waliozaliwa huko nao walihesabiwa wakimbizi. Mwaka 2007 watu wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walitakiwa kuchagua kurudi au kubaki. Wapatao 162,000 walikubaliwa kuwa raia, na hati zao zikaanza kugawiwa mwaka 2014. Kwa aliyeletwa mgongoni mwaka 1972, siku ya tatu ilikawia miaka 42.

Huenda msomaji akasema kuwa taifa lina haki ya kuwajua walio wake. Ni kweli. Lakini haki ya mwenye nyumba humhusu abishaye hodi, na aliyekulia ndani hana mlango wa kubisha. Kumwuliza, "Kwenu wapi?" ni kumdai habari za safari ambayo hakuichagua. Shukrani impasayo ni ile ile impasayo kila mtoto: kuitunza nyumba iliyomlea.

Ugogo una sababu ya kulielewa jambo hili. Katika njaa ya Mtunya, kati ya 1918 na 1920, wengi waliacha makwao wakatafuta chakula kwa majirani. Koo nyingi za Kigogo zenyewe husimulia asili zao kutoka Uhehe, Ukaguru na kwingineko. Lau kila mtu angerudishwa mlangoni kwa babu yake, Dodoma ingebaki na mawe na mibuyu.

Basi mgeni na apewe jembe siku ya tatu. Mtoto, tangu siku ya kwanza, na aruhusiwe kuliita shamba letu shamba lake.